Kipupwe Nyanda za Juu: Namna Wanandoa Wanavyoweza Kupata Joto Nyumbani kwa Gharama Nafuu na kwa Usalama

Kila mwaka kati ya mwezi Juni na Agosti, mikoa ya Nyanda za Juu Kusini huingia katika kipupwe, msimu wa baridi na ukavu. Katika kipindi hicho matumizi ya umeme, mkaa na kuni ndani ya kaya huongezeka. Mume na mke hulazimika kukubaliana juu ya mambo ambayo miezi mingine hayana uzito: chumba kipashwe joto kwa kitu gani, kwa saa ngapi, na fedha itoke wapi.

Makala haya yanaeleza gharama halisi ya njia zinazotumika zaidi kupasha joto nyumba, hatari ya jiko la mkaa chumbani, maboresho ya nyumba yanayopunguza baridi, na namna wanandoa wanavyoweza kupanga matumizi hayo kabla ya msimu kuanza.

Kwa nini baridi huwa kali

Katika kipupwe, upepo wa kusi huleta hewa baridi kutoka kusini mwa dunia, ambako miezi hiyo ni ya majira ya baridi. Mwinuko wa ardhi huongeza makali yake. Kwa kawaida joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Ndiyo maana mji wa Njombe, ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hupata usiku wenye joto chini ya nyuzi 10 wakati Dar es Salaam watu wanalala kwa shuka moja. Katika uwanda wa Kitulo, wilayani Makete, wenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,500, umande huweza kuganda juu ya majani alfajiri.

Hali hiyo haiko Kusini pekee. Wakazi wa Lushoto, miteremko ya Kilimanjaro na Meru, Karatu na maeneo ya Ngorongoro nao huishi na baridi ya msimu huo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa kipupwe kabla ya msimu kuanza, ukionesha maeneo yanayotarajiwa kuwa na baridi zaidi. Taarifa hiyo ni msingi mzuri wa kupanga bajeti ya kaya, kama ilivyo taarifa ya mvua kwa mkulima.

Nyumba hupoteza joto kwa njia tatu kuu. Ya kwanza ni paa. Bati ni jembamba na hupitisha joto upesi. Nyumba isiyo na dari huruhusu hewa yenye joto, ambayo kwa asili hupanda, kufika kwenye bati na kupoa. Njia ya pili ni upepo unaopita chini ya mlango, kwenye fremu za madirisha na kati ya ukuta na paa. Njia ya tatu ni sakafu na kuta zenyewe, hususan sakafu ya saruji isiyotandikwa kitu. Kwa sababu hiyo, joto linalotengenezwa saa mbili usiku katika nyumba ya namna hii huwa halipo tena saa sita.

Mkaa: unafuu unaotegemea dirisha lililofungwa

Jiko la mkaa ndiyo njia inayotumiwa na kaya nyingi za nyanda za juu, na sababu yake inaeleweka. Kilo moja ya mkaa mkavu ina nishati inayokaribia uniti 8 za umeme. Katika maeneo yenye mashamba ya miti, kama Njombe na Mufindi, mkaa wa miwati, kuni na mabanzi ya mbao hupatikana karibu. Kwa hesabu ya haraka, mkaa unaonekana kushinda njia nyingine zote.

Hesabu hiyo inaacha jambo moja. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, nayo haina rangi, haina harufu na haiwashi macho wala koo. Ili chumba chenye jiko la mkaa kiwe salama ni lazima hewa iingie na kutoka kwa wingi, na hewa hiyo hutoka na joto. Dirisha likifunguliwa ipasavyo, joto lililonunuliwa huishia nje na unafuu wa mkaa hupotea. Dirisha likifungwa, joto hubaki pamoja na sumu. Hakuna kiwango cha katikati ambacho familia inaweza kukikadiria kwa macho au kwa pua, na anayelala hawezi kukikadiria kabisa.

Gesi hiyo ikivutwa huingia kwenye damu na kujishikiza kwenye himoglobini, chembe inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Hata kiasi kidogo hewani, kikivutwa kwa saa kadhaa, huweza kuuacha ubongo na moyo bila oksijeni ya kutosha. Mama mjamzito, mtoto aliye tumboni, mtoto mchanga, mzee na mgonjwa wa moyo huathirika mapema kuliko wengine.

Yapo mambo matatu ambayo wananchi wengi huyaelewa tofauti na uhalisia wake.

Kwanza, kukosekana kwa moshi si dalili ya usalama. Mkaa uliokolea hauna moshi, na ndiyo maana huingizwa chumbani, lakini makaa mekundu yaliyofunikwa majivu yanaendelea kutoa kaboni monoksaidi hadi yazimike kabisa. Mkaa mbadala, uwe wa vumbi la mkaa, mabaki ya mazao au makaa ya mawe, nao hutoa gesi hiyo. Mkaa mbadala husaidia kulinda misitu, lakini haubadilishi kanuni ya chumbani.

Pili, kuweka sufuria ya maji juu ya jiko hakuondoi sumu. Maji huongeza unyevu kwenye hewa tu, na kaboni monoksaidi haiyeyuki kwenye maji kwa kiwango chenye maana.

Tatu, kumnywesha maziwa mtu aliyevuta gesi hiyo hakumsaidii, kwa kuwa sumu iko kwenye damu na wala si tumboni. Mtu aliyelegea anaweza pia kupaliwa.

Dalili za awali ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kukosa nguvu na kuchanganyikiwa. Mara nyingi dalili hizo hudhaniwa kuwa ni malaria au uchovu. Kinachozitofautisha ni kwamba watu wote waliomo chumbani huzipata kwa wakati mmoja, na hupungua wanapotoka nje.

Inapotokea hali hiyo, milango na madirisha yafunguliwe mara moja, watu wote watolewe nje kwenye hewa safi, na jiko litolewe endapo linaweza kutolewa bila mtu kukaa ndani kwa muda. Aliyepoteza fahamu alazwe kwa ubavu, apigiwe simu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kupitia namba ya dharura 114, na apelekwe haraka kwenye kituo cha afya ambako atapewa oksijeni. Hata anayeonekana kupata nafuu anapaswa kupimwa.

Hivyo basi, jiko la mkaa lisilo na bomba la kutolea moshi lisilale chumbani kwa hali yoyote. Familia inayoota moto ifanye hivyo jikoni au kwenye banda lenye hewa ya kutosha, kisha makaa yabaki nje watu wanapokwenda kulala. Kaya zenye uwezo zinaweza kujenga sehemu ya moto ya ukutani au kununua jiko la kuni lenye dohani, kwa sharti kwamba bomba linafika juu ya paa, halina nyufa na linasafishwa masizi kila msimu. Hita ya gesi ya mtungi nayo inawaka kwa kutumia hewa ya chumba, na haifai kuachwa ikiwaka watu wakiwa wamelala.

Umeme: hesabu ya uniti 75

Hita ya umeme haitoi kaboni monoksaidi, na kwa chumba cha kulala ni salama zaidi kuliko mkaa. Tatizo lake ni gharama, na gharama hiyo inategemea kundi la mteja.

Kwa bei zilizoidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) na kuanza kutumika Aprili 2016, mteja mdogo wa majumbani aliye katika kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Mteja wa kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti. Juu ya bei hizo huongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani asilimia 18, tozo ya nishati vijijini asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1. Kwa jumla, uniti ya D1 ndani ya kiwango hugharimu takriban shilingi 122, uniti inayozidi kiwango shilingi 427, na uniti ya T1 shilingi 356.

Chukulia mfano wa kaya ya kundi la D1 inayotumia uniti 60 kwa mwezi kwa taa, televisheni, pasi na kuchaji simu. Gharama yake ni shilingi 7,320. Baridi inapoingia, wanandoa hao wananunua hita ya wati 1,500 na kuiwasha saa 3 kila usiku. Hita hiyo hutumia uniti 4.5 kwa usiku, sawa na uniti 135 kwa mwezi wa siku 30. Matumizi yote yanafika uniti 195. Uniti 75 za kwanza zitagharimu shilingi 9,150, na uniti 120 zinazobaki zitagharimu shilingi 51,240. Jumla ni shilingi 60,390, yaani zaidi ya mara nane ya gharama ya awali. Kwa kaya ya T1, hita hiyohiyo itaongeza shilingi 48,060 kwa mwezi.

Mfano huu unaonesha chanzo cha mgogoro unaotokea katika nyumba nyingi. Aliyenunua hita anaona kifaa kimoja kilichowashwa kwa saa chache. Anayenunua umeme wa LUKU anaona fedha iliyozoea kumaliza mwezi ikiisha ndani ya siku chache. Wote wawili wanasema kweli, na hakuna kati yao aliyefanya ubadhirifu. Kilichotokea ni kwamba kaya imevuka mpaka wa uniti 75 bila kuujua.

Kupasha joto mwili badala ya chumba

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, linapendekeza nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini cha joto la ndani kinachofaa kulinda afya kwa watu wa maeneo yenye baridi, na kiwango cha juu zaidi kidogo kwa wazee, watoto na wagonjwa. Nyumba haihitaji kufikia joto la pwani ili iwe ya kukalika. Aidha, anayelala anahitaji zaidi joto la kitandani kuliko joto la chumba kizima.

Mtu mmoja aliyeketi ametulia hutoa joto linalokaribia wati 100. Joto hilo halilipiwi, na kazi ya nguo na matandiko ni kulizuia lisipotee. Kitaalamu, kinachozuia baridi si uzito wa blanketi bali ni hewa iliyonaswa ndani yake. Mablanketi mawili mepesi yaliyopangwa moja juu ya jingine mara nyingi hushinda moja zito, kwa sababu kuna tabaka la hewa katikati. Baridi hutoka pia chini: godoro jembamba au lililoshuka hupitisha joto la mwili, na kulitandika blanketi chini ya shuka husaidia kuliko kuongeza jingine juu. Soksi na kofia wakati wa kulala huleta tofauti kubwa kwa gharama ndogo.

Baada ya matandiko, kifaa chenye faida kubwa kwa fedha kidogo ni chupa ya mpira ya maji moto. Kuchemsha lita 2 za maji kutoka nyuzi 15 hadi 80 huhitaji takriban uniti 0.15. Chupa mbili kwa usiku, pamoja na joto linalopotea kwenye birika, hutumia karibu uniti 0.35, yaani uniti 10.5 kwa mwezi. Kaya ya D1 iliyotajwa hapo juu itafikia uniti 70.5, ikiwa bado ndani ya kiwango, na nyongeza ya gharama itakuwa shilingi 1,281 tu. Hapo zitabaki uniti 4.5, ambazo ni sawa na usiku mmoja wa hita. Chupa hiyo ifungwe vizuri, ifunikwe kwa kitambaa ili isiunguze ngozi, na isiwekwe kwenye kitanda cha mtoto mchanga akiwa amelala humo.

Blanketi la umeme la wati 100 likitumika kwa saa 8 hutumia uniti 0.8, kiasi kinachozidi kile cha chupa za maji lakini kidogo sana kuliko cha hita. Wengi hulipasha kitanda kwa saa moja kabla ya kulala kisha hulizima, na matumizi hushuka hadi uniti 0.1 kwa usiku.

Maji ya kuoga nayo yana nafasi yake katika hesabu. Ndoo ya lita 15 iliyopashwa kutoka nyuzi 15 hadi 40 hutumia karibu nusu uniti. Shawa ya umeme ya wati 5,000 ikifunguliwa dakika 10 hutumia zaidi ya uniti 0.8. Kwa watu wawili wanaooga mara mbili kwa siku, tofauti hiyo inafika takriban uniti 40 kwa mwezi.

Nyumba inayotunza joto

Fedha inayotumika kuboresha nyumba hutumika mara moja, na matokeo yake hubaki kwa misimu mingi. Hatua zifuatazo zimepangwa kuanzia zenye gharama ndogo:

- Kuziba upenyo chini ya mlango wa chumba kwa kitambaa kilichokunjwa au mpira maalumu, na kuziba nyufa za fremu za madirisha.
- Kutundika pazia zito linalofika sakafuni, na kulifunga kabla jua halijazama. Mchana pazia lifunguliwe ili jua liingie.
- Kutandika mkeka, zulia au mazulia ya vipande sakafuni, hasa kando ya kitanda na mahali watoto wanapochezea.
- Kusogeza kitanda mbali na ukuta wa nje na dirisha.
- Kuweka dari ya mbao, plaiwudi au jipsamu, kuanzia chumba cha kulala badala ya kusubiri fedha ya nyumba nzima.
- Kupiga lipu ukuta wa matofali pande zote, na kuziba uwazi kati ya ukuta na paa huku matundu rasmi ya hewa yakiachwa wazi.

Tahadhari moja ni ya msingi. Chumba kilichozibwa vizuri kinafaa kwa matandiko, chupa ya maji na umeme, na hakifai kabisa kwa moto. Kaya inayoziba nyufa za chumba huku ikiendelea kuingiza jiko la mkaa huwa imeongeza hatari badala ya kuipunguza.

Usalama wa vifaa vya umeme nao uzingatiwe. Hita ikae angalau mita moja kutoka kwenye kitanda, pazia na nguo, na isitumike kukaushia nguo. Hita ya wati 2,000 huvuta karibu ampea 9, hivyo ichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani badala ya waya mwembamba wa nyongeza wenye vifaa vingine. Hita ya kuzamisha kwenye ndoo izimwe na kuchomolewa kabla ya mtu kugusa maji, na isiachwe karibu na watoto. Vifaa vyenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndivyo vinavyopaswa kununuliwa.

Tofauti za mwili na mazoea

Malalamiko ya baridi kati ya wanandoa mara nyingi huchukuliwa kuwa ni deko au ubahili. Sababu nyingi ni za kimaumbile. Watu wawili katika chumba kimoja hawapati baridi sawa. Mwenye misuli mingi huzalisha joto zaidi akiwa ametulia, na kwa wastani wanaume wana misuli zaidi, wakati wanawake wengi hupata baridi ya mikono na miguu mapema. Mjamzito anaweza kuhisi joto wakati mwenzake anatetemeka. Mgonjwa wa upungufu wa damu au wa tezi ya shingo huhisi baridi kupita kawaida, na anayebadilika ghafla anafaa kumwona daktari.

Mazoea yana nafasi yake pia. Mtumishi aliyehamishiwa Makete kutoka Tanga, au aliyeolewa Njombe akitokea Mtwara, huhitaji muda mwili wake uzoee. Mwenzake aliyekulia hapo haoni sababu ya hita. Katika hali hiyo, njia nafuu ni kila mmoja kuwa na matandiko yake anayoweza kuyaongeza au kuyapunguza, badala ya kubishana juu ya joto la chumba kizima.

Kwa mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa na uzito pungufu, njia inayopendekezwa kitaalamu ni kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, akiwa amefunikwa na kuvishwa kofia na soksi. Baba anaweza kufanya hivyo sawasawa na mama. Kumweka mtoto karibu na jiko la mkaa ni kumhatarisha.

Kupanga pamoja kabla ya Juni

Gharama ya joto katika kaya nyingi imegawanyika mikononi mwa watu wawili. Mmoja hununua umeme, mwingine hununua mkaa kwa ndoo au kopo kutoka katika fedha ya matumizi ya jikoni. Kila mmoja anajua nusu yake tu. Hatua ya kwanza ni kuandika matumizi yote mahali pamoja kwa mwezi mmoja: uniti zilizonunuliwa, mkaa, kuni, gesi na mafuta ya taa. Risiti za LUKU huonesha idadi ya uniti na bei, na ndizo zitakazowaonesha wanandoa kama wako D1 au T1 na wako umbali gani na uniti 75.

Muda nao ni gharama. Anayetembea kutafuta kuni, kuchochea moto alfajiri na kuchemsha maji ya familia nzima anachangia hata kama hakutoa fedha. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwishatambua, katika uamuzi wake wa mwaka 1983, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Vilevile, kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamtaka mume kumpatia mke malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake, na kinamtaka mke mwenye uwezo kufanya hivyo pale mume anapokuwa hajiwezi. Sheria haitaji hita wala blanketi, lakini kigezo chake cha uwezo ni kipimo kizuri cha mazungumzo ya bajeti: kinachotakiwa ni kile ambacho kaya inaweza kukimudu bila kugusa ada, chakula na matibabu.

Baada ya hesabu, wanandoa wanaweza kukubaliana mambo manne: kiwango cha juu cha uniti kwa mwezi, chumba kimoja kitakachopewa kipaumbele, fedha ya maboresho itakayowekwa kando kuanzia Machi au Aprili, na kanuni isiyo na mjadala kwamba moto haulali chumbani. Makubaliano hayo yawahusishe pia wageni, wasaidizi wa kazi na vijana wanaolala vyumba vya nje, kwa kuwa ndio mara nyingi hubaki na jiko la mkaa pasipo mtu wa kuwaangalia.

Nishati safi na suala la joto

Serikali inatekeleza Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, uliozinduliwa Mei 2024, ukiwa na lengo la kuwezesha asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Katika maeneo ya joto, kaya inayohamia kwenye gesi au umeme huacha mkaa moja kwa moja. Katika nyanda za juu, jiko la mkaa limekuwa likifanya kazi mbili: kupika na kupasha joto. Kaya inaweza kuanza kupikia gesi na bado ikaendelea kununua mkaa kwa ajili ya chumbani, ambako ndiko hatari ilipo kubwa zaidi.

Kwa hiyo, familia za mikoa ya baridi zinazopanga kuhamia nishati safi zinashauriwa kupanga mambo mawili kwa wakati mmoja, yaani chanzo cha kupikia na njia ya kupata joto. Fedha inayookolewa kwenye mkaa wa kupikia inaweza kuelekezwa kwenye mablanketi, dari ya chumba cha kulala na chupa za maji moto. Kaya itakayofanya hivyo itaingia Juni ikiwa na gharama inayojulikana, na wote waliomo ndani wataamka salama.